Kalamu za Sniffin' Sticks: nunueni, lakini namba moja isiwatoshe

Wenzangu wa kliniki za masikio, pua na koo wameniuliza mara nyingi, na juzi akaniuliza kijana wa maabara ya vyakula, kama seti ya Sniffin' Sticks inastahili fedha inazogharimu. Jibu langu ni ndiyo, na nalitoa kama mtu wa takwimu, si kama daktari. Mimi hupokea majedwali baada ya wagonjwa kwenda zao, kisha natakiwa niseme zile namba zimebeba nini na hazikubeba nini. Kwa hiyo uzuri wa sanduku nauacha. Nitazungumzia kinachotoka ndani yake, hasa sehemu inayopima kizingiti cha kunusa: harufu ipunguzwe kiasi gani ndipo pua ya mtu isiikamate tena.

Kwa asiyezijua, ni kalamu zinazofanana na makapeni, ila ndani hakuna wino. Kuna utambi ulioloweshwa harufu. Gerd Kobal na wenzake walizitangaza Ujerumani mwaka 1996, na mwaka 1997 Thomas Hummel na wenzake wakaeleza mtihani kamili wenye sehemu tatu: kizingiti, kutofautisha harufu, na kutambua harufu kwa jina. Kila sehemu ina alama 16, jumla 48. Kampuni ya Burghart ya hukohuko Ujerumani ndiyo iliyozileta sokoni.

Sehemu ya kizingiti ina kalamu 48 zilizopangwa ngazi 16, kila ngazi kalamu tatu. Moja ina harufu, mbili zina kiyeyushi kitupu. Katika toleo la butanoli, aina ya alkoholi yenye harufu, ngazi ya 1 ina ukolezi wa asilimia 4, na kila ngazi inayofuata ni nusu ya iliyotangulia, mpaka ngazi ya 16 inabaki kama asilimia 0.00012. Mtu hufungwa macho. Kifuniko kinavuliwa, ncha inasogezwa sentimita mbili mbele ya pua kwa sekunde tatu hivi, kisha kalamu ya pili, kisha ya tatu. Anaulizwa: ipi ina harufu? Akipatia mara mbili mfululizo anapewa ngazi hafifu zaidi. Akikosa hata mara moja anarudishwa kwenye ngazi kali zaidi. Kila mwelekeo unapobadilika unaandika mgeuko. Ikifika migeuko saba unasimama, unachukua minne ya mwisho, unapiga wastani. Hiyo ndiyo alama ya mtu: kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo pua yake ilivyo kali.

Kwa watu wetu naiona hii kuwa sehemu bora ya seti nzima, na sababu yake ni nzito. Sehemu ya kutambua inamtaka mtu ataje harufu kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa Ulaya. Karafuu, mdalasini, ndizi, limau, kahawa, kitunguu saumu na samaki havina shida. Mtoto wa Unguja au wa Tanga atavitaja kabla hujamaliza kuvua kifuniko. Lakini mnunushe mtu wa Kondoa ile pipi nyeusi ya mizizi wanayoila Wajerumani tangu utotoni, kisha umwandikie kosa, hapo umepima utoto wake, pua yake hujaigusa. Seti ya Kimarekani ya karatasi za kukwaruza, iliyotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ina harufu 40 na baadhi ni za piza na matango ya siki. Hiyo ni mbali nasi zaidi. Kizingiti hakimdai mtu jina la kitu. Kinamuuliza kama kipo au hakipo, na hilo Mmakonde na Mjerumani wanaulizwa kwa haki sawa.

Ugumu unaanzia kwenye kule kuulizwa. Maelezo ya kifaa yanadai mtu achague kalamu moja hata kama hanusi kitu. Nilikaa pembeni siku moja muuguzi akimpima mama wa makamo aliyepoteza harufu tangu Uviko.

"Hii ya kwanza, mama. Hii ya pili. Na hii ya tatu. Ipi ina harufu?"

"Zote sawasawa, mwanangu."

"Chagua moja tu, mama."

"Nichague nini na mimi sinusi? Niseme uongo?"

Muuguzi akanyamaza kidogo, kisha akamwambia kwa adabu kwamba kubahatisha si uongo, kwamba kipimo chenyewe kimetengenezwa kikijua kuwa mtu atabahatisha, na kwamba asipojibu ndipo kitakapopotoka. Mama akakubali, lakini kila jibu alilitanguliza na "Mungu anisamehe, ya pili." Nimeona jambo hili kwa wazee wengi. Kusema usilolijua mbele ya mtu wa hospitali ni aibu kwao, wala hawana kosa. Anayenunua seti hii aandike mwenyewe maelezo ya Kiswahili ya kumsomea mgonjwa kabla ya kalamu ya kwanza, na sentensi ya kwanza iwe hiyo ya kubahatisha. Mtu anayesema "zote sawa" ukamwandikia kosa bila kumpa nafasi ya kuchagua, umemnyima theluthi moja ya majibu sahihi ambayo hesabu yote imejengwa juu yake. Anashushwa ngazi kuliko mwenzake mwenye pua ileile aliyethubutu kukisia.

Theluthi hiyo ndiyo roho ya kipimo, basi niieleze vizuri. Mtu asiyenusa kabisa ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Kupatia mara mbili mfululizo ni moja kati ya tisa. Hiyo inaonekana ndogo. Sasa tumwanzishe kwenye ngazi ya 16 na tuongeze ukali kwa hatua mbilimbili: 16, 14, 12, mpaka 2. Hivyo ni vituo vinane. Nafasi ya kuvipita vyote bila kuangukiwa na bahati ya mara mbili ni nane ya tisa iliyozidishwa yenyewe mara nane, nayo ni 0.39. Maana yake, katika kila watu mia wasionusa lolote, 61 hivi watapata mgeuko wa kwanza kwa bahati tupu. Waliobuni mtihani waliliona hilo, ndiyo maana migeuko mitatu ya mwanzo inatupwa. Mara nyingi inatosha, kwa sababu anayekisia huanza kukosa na kuteremshwa kuelekea ngazi kali. Lakini si kila mara. Ukipata alama ya 5 au 6 kwa mtu anayeapa kwamba hasikii harufu yoyote, angalia njia aliyopita kabla hujambishia.

Hapo nafika kwenye shauri ninalolisisitiza kuliko yote: hifadhini kila jibu. Kliniki nyingi huandika namba moja kwenye faili, mfano 6.25, na karatasi yenye majibu inatupwa. Karatasi ile ndiyo mali. Ndani yake kuna ngazi iliyotolewa, jibu, sahihi au kosa, kwa mpangilio wa wakati. Namba moja haiwezi kukuonyesha kama mtu alikuwa akizunguka ngazi zilezile mbili kwa utulivu au alikuwa akirukaruka kutoka 12 hadi 3. Wote wawili wanaweza kuondoka na alama moja.

Ukiwa na majibu yote unaweza kuchora mkunjo wa mtu: uwezekano wa kupatia dhidi ya ukolezi. Programu ya takwimu iitwayo R ni ya bure, na kifurushi chake kiitwacho psyphy kina kiungo, yaani fomula ya kuunganisha ukolezi na uwezekano, kilichotengenezwa kwa majaribio ya kuchagua moja kati ya kadhaa. Unakiambia ni tatu, nacho kinaanzia sakafu ya theluthi moja badala ya sifuri. Ukitumia urejeshi wa kawaida wa lojistiki (njia ya kuchora mkunjo wa majibu ya sahihi na kosa) bila sakafu hiyo, mkunjo utajikunja vibaya kwenye ngazi hafifu, kwa sababu data haishuki chini ya asilimia 33 nao unalazimishwa kushuka. Kizingiti unakisoma pale uwezekano unapofika theluthi mbili, yaani nusu ya safari kati ya kubahatisha na uhakika.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Utaratibu wa ngazi wa "mbili sahihi, moja kosa" hautui kwenye theluthi mbili. Unatua pale ambapo nafasi ya kupatia mara mbili ni nusu, yaani kipeuo cha pili cha 0.5, ambacho ni 0.707. Tofauti ni ndogo, ila ipo, na elekeo lake ni lilelile daima: kizingiti cha ngazi kinatoka kwenye ukolezi mkubwa kidogo kuliko cha mkunjo. Usiziweke namba za njia hizi mbili kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja. Vilevile usichanganye na ile njia ya maabara za vyakula na maji, kiwango cha E679 cha shirika la viwango la ASTM, ambamo mtu hupandishwa ngazi kwa ngazi na kizingiti chake huwa wastani wa kijiometri kati ya ukolezi wa mwisho alioukosa na wa kwanza aliopatia akaendelea kupatia. Ni njia nzuri kwa kikundi cha waonjaji. Kwa mgonjwa mmoja ni nyembamba mno.

Sasa uaminifu. Hummel na wenzake walipowapima watu mara mbili, uwiano wa kitakwimu kati ya kizingiti cha kwanza na cha pili (1 ni kulingana kabisa) ulikuwa 0.61, wa kutambua kwa jina ulikuwa 0.73. Waliiandika namba hiyo waziwazi kwenye taarifa yao ya 1997, na nawaheshimu kwa hilo. Watu husoma 0.61 wakaona ni nzuri, wakapita. Tuifanyie kazi. Tuseme kundi lako lina mchepuko sanifu, yaani mtawanyiko wa alama kuzunguka wastani, wa hatua 3. Kosa la kipimo kwa mtu mmoja ni 3 mara kipeuo cha pili cha 0.39 (yaani 1 kutoa 0.61), sawa na hatua 1.87. Mipaka ya asilimia 95 inakwenda karibu hatua 3.7 kila upande. Na tukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kabla na baada ya matibabu, tofauti inabidi ipite hatua 5.2 ndipo tuseme haikuletwa na yumbayumba ya kipimo. Kumbuka kila hatua ni kuzidisha ukolezi mara mbili. Hatua 5.2 ni tofauti ya mara 37 hivi.

Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa "umepanda kutoka 4 hadi 6, dawa inafanya kazi" anasema jambo ambalo kalamu hazikulisema. Inaniuma, kwa sababu mgonjwa yule ataendelea kununua dawa. Kwa kundi mambo yanabadilika kabisa: wapime watu arobaini kabla na baada, na kosa la wastani linapungua mpaka hatua mbili zinaonekana wazi. Kwa mtu mmoja, rudia kipimo siku nyingine na uchukue wastani, au tumia jumla ya sehemu zote tatu. Kwenye jumla hiyo mabadiliko ya alama 5.5 ndiyo yanayohesabiwa kuwa mgonjwa mwenyewe ameyahisi.

Niongeze jambo moja la hesabu. Alama hizi zipo kwenye mizani ya logi, kwa hiyo wastani wa ngazi ni wastani wa kijiometri wa ukolezi, na ndivyo inavyotakiwa. Usizigeuze kuwa asilimia za butanoli kisha upige wastani wa kawaida; mtu mmoja mwenye pua iliyoziba ataivuta hesabu nzima upande wake. Wala usiseme mwenye 12 ananusa mara mbili ya mwenye 6. Sita hapo ni hatua za kuzidisha mara mbili, yaani mara 64.

Na wale walioshindwa ngazi ya 1? Wanaandikiwa 1. Hiyo 1 ina maana "1 au chini yake, hatujui". Ukiwa na wagonjwa wengi wa namna hii, kama ilivyo kliniki iliyojaa waathirika wa Uviko, wastani wa kawaida utakudanganya kwamba ni wazima kuliko walivyo na kwamba wanafanana kuliko wanavyofanana. Watendee kama data iliyokatwa upande mmoja. Kifurushi cha survival ndani ya R, kilichotengenezwa kwa ajili ya takwimu za muda wa kuishi, kinaifanya kazi hii vizuri kwa kutumia survreg, na ukikizoea hutataka kurudi nyuma.

Joto nalo lina neno. Kalamu inatoa mvuke, na mvuke hutegemea joto. Kalamu ya ngazi ya 9 kwenye chumba cha nyuzi 31 mchana wa Februari hapa Dar es Salaam inatupa molekuli nyingi hewani kuliko kalamu hiyohiyo kwenye chumba cha nyuzi 20 kule Dresden, Ujerumani. Wakati huohuo alkoholi iliyomo inaisha haraka zaidi kila kifuniko kinapovuliwa. Mambo haya mawili yanavutana, na huwezi kuyatenganisha usipoandika joto la chumba na tarehe seti ilipofunguliwa. Ongeza safu mbili hizo kwenye jedwali. Kiyoyozi kiwashwe mapema, kisha feni izimwe wakati wa kupima, maana feni inaupeperusha mvuke kabla haujafika puani.

Kwa sababu hiyo hiyo viwango vya kawaida vilivyochapishwa mwaka 2019 kutoka kwa watu 9,139 wenye umri wa miaka 5 hadi 96, ingawa ni kazi kubwa ninayoitumia na kuiheshimu, sivihamishi hivihivi kuja pwani yetu. Mstari wa 30.75 kwenye jumla, ambao chini yake mtu huhesabiwa kupungukiwa na harufu, umebeba ndani yake ile orodha ya majina ya harufu na vile vyumba vya baridi. Pimeni wazima wenu: ndugu wanaowasindikiza wagonjwa, wafanyakazi wa hospitali, wa rika tofautitofauti, kwa chumba kilekile na seti ileile. Umri uwemo kwenye modeli, kwa kuwa alama ya kizingiti hushuka uzeeni kuliko sehemu nyingine mbili. Modeli mseto ya lme4, kifurushi kingine cha R, yenye mtu na mpimaji kama vipengele vya nasibu, itakuonyesha pia kama muuguzi mmoja anawapa watu alama za juu kuliko mwenzake. Mara nyingine sababu ni umbali wa ncha tu, au mafuta ya mkononi.

Na manukato. Mtu wa pwani haendi hospitali ovyo. Nguo zimefukizwa udi, kanzu ina attar, mama amejipaka hal-udi nyuma ya masikio. Masharti ya kutokula wala kunywa chochote isipokuwa maji dakika kumi na tano kabla yanajulikana. Hili la udi halijaandikwa popote kwenye maelezo niliyoyaona, nalo kwetu ni kubwa zaidi. Sisi tunamwambia mgonjwa siku anapopewa miadi, na tuna joho jepesi lisilo na harufu kwa atakayesahau. Mpimaji mwenyewe asivae chochote chenye harufu, wala asitoke kuvuta sigara akarudi kushika kalamu.

Kuhusu kuchagua harufu: seti ya kizingiti inapatikana kwa butanoli au kwa alkoholi ya feniletili. Butanoli ikiwa kali inachoma kidogo, na mchomo huo hupita kwenye mshipa mwingine wa fahamu, kwa hiyo mtu asiyenusa anaweza kuihisi kama msisimko puani. Feniletili ni harufu ya waridi, ileile inayotawala kwenye marashi tunayonyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi, na haichomi. Mimi ningechukua waridi. Wazee wanaipokea kwa uso mwema, na aliyeikosa kwa miaka akaikamata tena kwenye ngazi ya 3 hujulikana kabla hajajibu. Jambo la kuangalia: alama za waridi na za butanoli zisiwekwe pamoja, hata kwa mtu mmoja.

Bei ni ya Ulaya, na kwa hospitali ya wilaya ni mzigo. Kama lengo lako ni kizingiti tu, ulizia sehemu hiyo peke yake. Usilipie seti nzima kwa ajili ya majina ya harufu ambayo wagonjwa wako hawayajui. Maabara ya vyakula au maji yenye mkemia na mizani nzuri naishauri isinunue kabisa: chupa za kioo zenye vifuniko, maji safi na utaratibu wa E679 zitawatosha, na uchambuzi ni huohuo. Kwa kliniki naishauri inunue, kwa sababu kalamu ni imara, hazimwagiki, na muuguzi anajifunza kuzitumia haraka.

Mwenye kompyuta kwenye chumba cha kupimia aiangalie pia kazi ya Höchenberger na Ohla ya 2019. Waliiachia kompyuta ichague kalamu inayofuata kutokana na majibu yote yaliyotangulia, badala ya jibu la mwisho tu. Kalamu ni zilezile za waridi, na kila jibu linahifadhiwa lenyewe bila mtu kukumbushwa.